Kituo Kinachotangulia: Namna ya Kusafiri kwa Magari ya Abiria Shinyanga na Geita na Kushuka Mahali Panapotakiwa

Katika miji mikubwa yenye treni za chini ya ardhi, yaani treni za abiria zinazopita katika mahandaki chini ya mitaa na majengo, jina la kila kituo huandikwa ukutani kwa herufi kubwa, hutangazwa kwa kipaza sauti ndani ya behewa na huoneshwa katika ramani iliyobandikwa juu ya mlango, kiasi kwamba mgeni ajuaye kusoma anaweza kufika aendako bila kumwuliza mtu yeyote. Mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita hakuna treni ya namna hiyo. Watu husafiri kwa mabasi, kwa Hiace, kwa magari madogo yaitwayo michomoko, kwa bajaji na bodaboda, na wengine kwa treni ya Reli ya Kati. Hata hivyo kazi inayomkabili abiria ni ileile: kupanda chombo kinachofuata njia iliyokwisha kupangwa, kutambua kinaelekea upande gani, na kushuka mahali panapotakiwa kabla hakijaondoka tena. Tofauti kubwa ni kwamba huku jina la kituo halimo ukutani bali limo vinywani mwa watu, na jina lenyewe mara nyingi si lile ambalo mgeni alipewa kabla ya kuanza safari.

Mwaka 1933 shirika la treni za chini ya ardhi la London lilianza kuwagawia abiria ramani mpya iliyobuniwa na Harry Beck, mtu aliyezoea kuchora michoro ya nyaya za umeme, ambaye aliamua kuacha kabisa kuonesha umbali halisi na mipindo ya njia, akabakiza mambo mawili tu: mfuatano wa vituo, na mahali ambapo njia moja hukutana na nyingine. Ramani hiyo ilipendwa kwa sababu abiria aliyeketi ndani ya behewa hana haja ya kujua amesafiri kilomita ngapi. Anachohitaji ni kujua kituo gani kinatangulia chake, na wapi atabadilisha treni. Kanuni hiyo haikuwa ya London pekee, nayo inamfaa vilevile abiria aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma cha Hiace kati ya Shinyanga na Kahama. Kosa la kawaida la mgeni ni kuuliza kama bado ni mbali, swali ambalo hujibiwa kwa maneno yaleyale siku zote, kwamba ni hapo mbele tu, na hapo mbele panaweza kuwa mwendo wa dakika tano au wa saa nzima. Swali lenye manufaa ni jingine: kabla ya kufika huko, gari linapita wapi? Aliyeambiwa jina la kituo kinachotangulia chake ana muda wa kukusanya mizigo, kumtaarifu kondakta na kusogea karibu na mlango; aliyeambiwa jina la kituo chake tu hukisikia kikitajwa gari likiwa tayari linaondoka.

Mfuatano wa vituo vya eneo hili si mgumu kushika, kwa kuwa barabara kuu ni chache. Anayetoka Shinyanga mjini kwenda Mwanza hupita Ibadakuli, ulipo uwanja wa ndege, kisha Kolandoto penye hospitali, halafu Maganzo na Mwigumbi. Baada ya hapo huingia Mkoa wa Mwanza na kukutana na Hungumalwa, Mabuki, Misungwi na Usagara, kabla ya kuufikia mji wenyewe. Anayeelekea upande wa pili, yaani kusini na magharibi, huacha mji akipitia Kizumbi, hufika Didia, kisha Tinde, na kutoka Tinde huelekea Isaka, Kagongwa na Kahama. Kutoka Kahama barabara kuu huendelea kwenda Masumbwe, Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi, ikielekea mpaka wa Rusumo na nchi ya Rwanda. Vituo vidogo vilivyo katikati ni vingi, lakini majina haya ndiyo nguzo, na msafiri akiyaandika katika kijikaratasi kwa mfuatano wake atakuwa na ramani ya Beck ya kwake mwenyewe, isiyohitaji chaji wala mtandao.

Tinde inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndipo wageni wengi hupotelea. Kituo hiki ni njia panda: magari yanayotoka Dar es Salaam, Dodoma, Singida na Nzega yakifika hapo huachana, yale ya Shinyanga na Mwanza yakishika kaskazini, na yale ya Kahama, Bukoba na Rwanda yakishika magharibi. Abiria wa Shinyanga aliyekata tiketi ya basi la Kahama kwa kuwa lilikuwa na nafasi hana budi kushuka Tinde na kutafuta gari jingine, jambo ambalo si baya mchana, kwani Hiace za kwenda mjini hupatikana, lakini ni tatizo kubwa usiku wa manane. Tangu serikali ilipoyaruhusu mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya katazo, saa za kufika Tinde zimebadilika mno, na abiria ambaye zamani angefika jioni sasa anaweza kushushwa alfajiri kabla ya adhana, akiwa na mabegi mawili na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mtu anayekata tiketi aulize saa ambayo basi hupita Tinde, asiulize saa ya kuondoka peke yake. Na ikiwa jibu ni la usiku, ni afadhali alipe nauli ya basi linalofika Shinyanga moja kwa moja, hata kama ni ghali zaidi au linaondoka baadaye.

Ugumu wa pili, nao pengine ndio unaowasumbua watu kuliko yote, ni wa majina. Katika ukanda huu jina la wilaya, jina la mgodi na jina la kituo cha gari mara nyingi ni vitu vitatu tofauti. Barua ya ajira inaweza kumtaka mtumishi mpya aripoti Kishapu, lakini mji yaliko makao makuu ya wilaya hiyo ni Mhunze, na kondakta hutangaza Mhunze. Aliyepangiwa Nyang'hwale hushuka Kharumwa. Aliyepangiwa Bukombe hushuka Ushirombo. Anayekwenda Mbogwe kwa kawaida huambiwa ashukie Masumbwe. Ukivuka kuingia Mkoa wa Simiyu hali ni hiyohiyo, kwa kuwa mji wa Wilaya ya Meatu ni Mwanhuzi. Hata kituo kimoja huweza kuwa na majina mawili: Uyovu ya kwenye nyaraka za serikali na za ujenzi wa barabara ndiyo Runzewe ya wapiga debe, yaani vijana wanaoita abiria stendi kwa malipo, na mtu aliyekaa akisubiri kusikia Uyovu anaweza kupita hapo akitazama dirishani bila habari.

Migodi nayo ina mtego wake. Mgodi wa almasi wa Williamson, ulioanzishwa mwaka 1940, uko Mwadui, lakini mabasi ya barabara kuu hayaingii Mwadui. Abiria hushukia Maganzo, senta ya biashara iliyo kando ya lami, kisha huchukua bodaboda. Mgodi wa Bulyanhulu unajulikana duniani kwa jina hilo, ilhali magari yanayotoka Kahama huandikwa Kakola, na ndugu wa mfanyakazi wa mgodi akiulizia gari la Bulyanhulu anaweza kuelekezwa sawasawa au akatazamwa tu, kutegemea amemwuliza nani. Wala mtu asiseme anakwenda mgodini, kwa sababu kuanzia Kahama hadi Chato neno hilo halitaji mahali popote. Kila upande una mgodi wake. Majina Shinyanga, Kahama na Geita pia yana uzito wa namna yake, kwani kila moja ni jina la mji na la wilaya, na mawili kati yake ni ya mikoa pia. Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012 ilipofanywa mkoa. Anayesema anakwenda Geita bila kutaja kama ni mjini, Katoro au Nyarugusu hajasema anakwenda wapi. Njia iliyo salama ni kumwuliza mwenyeji anayemsubiri maswali mawili kwa simu kabla ya safari: gari lenyewe lina kibao kilichoandikwa nini, na kondakta aambiwe neno gani.

Kuhusu kwenda Geita kutoka Shinyanga, hakuna mstari mmoja bali mitatu, na uchaguzi hutegemea kituo cha mwisho kuliko jina la mkoa. Mstari wa kwanza ni wa kaskazini: abiria hupanda gari la Mwanza, hushuka Usagara ambapo barabara ya Geita huchepuka kushoto, kisha huunganisha gari linalopita Kigongo, Busisi na Sengerema hadi Geita mjini. Mstari wa pili ni wa Kahama na Kakola, ambao ni wa mkato kwa anayetazama ramani, lakini sehemu zake zimekuwa za vumbi kwa miaka mingi, na wakati wa masika vumbi huwa tope. Mstari wa tatu huzunguka kwa barabara ya lami kutoka Kahama kupitia Masumbwe, Ushirombo na Runzewe, hukata kulia kuelekea Bwanga, kisha hurudi mashariki kwa njia ya Buseresere na Katoro. Mtu wa Geita mjini kwa kawaida atanufaika na ule wa kwanza. Lakini mtu wa Katoro, mji wa biashara uliokua haraka kwa fedha za dhahabu na ambao leo umekaribia kuungana na Buseresere ya Wilaya ya Chato, afikirie ule wa tatu, kwa sababu Katoro hutangulia Geita kwa anayetokea Bwanga, na hufuata baada ya Geita kwa anayetokea Sengerema. Wako watu wanaofika Geita mjini jioni, wakalala nyumba ya wageni, na kesho yake wakaendelea kwenda Katoro, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba mfuatano wa vituo unaweza kusomwa kutoka pande zote mbili.

Mstari wa kwanza umebadilika kwa namna ambayo wasafiri wa zamani hawajaizoea. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kila gari lilisimama Kigongo kusubiri kivuko, abiria wakashuka, wakanunua samaki na mihogo, wakapanda tena ng'ambo. Hapakuwa na mtu aliyeweza kupitilizwa, yaani kuvushwa kituo chake bila kujua, kwa kuwa ziwa lenyewe lilikuwa likiwazuia wote. Sasa daraja lenye urefu wa takriban kilomita 3 huvukwa kwa dakika chache, na dereva asiye na abiria wa kushusha hana sababu ya kusimama upande wowote. Anayeshukia Kigongo aseme akiwa Usagara, na anayeshukia Busisi aseme kabla gurudumu halijagusa daraja. Ifahamike pia kwamba daraja limepewa rasmi jina la Rais John Pombe Magufuli, lakini katika magari bado linaitwa Kigongo–Busisi, na huenda likaitwa hivyo kwa muda mrefu.

Baada ya kujua mstari, abiria hutambua mwelekeo. Katika treni za chini ya ardhi za Paris, mwelekeo hutajwa kwa jina la kituo cha mwisho: mtu hatafuti jina la kituo chake ukutani, hutafuta jina la kituo ambako treni huishia, kisha hujua kwamba chake kimo njiani. Magari ya kanda hii hufuata desturi hiyohiyo, ingawa hakuna aliyeipanga. Kibao cha kiooni huandikwa mwanzo na mwisho wa safari, na pengine kituo kimoja kikubwa cha katikati, hivyo mtu wa Didia hataona gari lililoandikwa Didia. Hupanda la Kahama. Mtu wa Maganzo hupanda la Mwanza. Mtu wa Maswa au Bariadi hutafuta gari la huko, au hupanda la Mwanza na kushuka Mwigumbi, ambako barabara ya Maswa huanzia. Stendi ya Ibinzamata mjini Shinyanga, kama stendi nyingine zote, ina wapiga debe ambao husema ndiyo kwa kila jina linalotajwa. Wao hulipwa kwa kujaza viti, si kwa kufikisha watu. Neno la kuaminika ni la kondakta, na hata huyo aulizwe kwa namna isiyomwezesha kuitikia ovyo. Akiulizwa kama gari linafika Segese ataitikia. Akiulizwa linapita wapi baada ya kutoka Kahama, atalazimika kutaja njia yenyewe.

Aina ya gari nayo huamua kama kituo kidogo kitaheshimiwa. Basi kubwa la masafa marefu lina ratiba iliyoidhinishwa na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, chombo kilichochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019 kwa upande wa nchi kavu, na dereva wake hapendi kusimama kila senta. Aidha abiria wa njiani anaweza kutozwa nauli kana kwamba anakwenda mwisho. Hiace husimama popote palipo na mkono ulioinuliwa, ndiyo maana huchelewa. Mchomoko, ambao mara nyingi ni Probox au gari jingine dogo la namna hiyo, huondoka ukijaa na huenda kasi, ukibeba watu wengi kuliko viti vyake, na anayeupanda ajue kwamba ananunua muda kwa kupunguza usalama. Nauli ya kipande, yaani malipo ya sehemu tu ya safari, iulizwe kabla ya kuketi, ilipwe kwa fedha kamili iwezekanapo, kwa kuwa chenji ya noti kubwa hucheleweshwa hadi abiria ameshuka na gari limeanza kutembea.

Ndani ya gari, mahali pa kukaa ni suala la maarifa zaidi kuliko starehe. Asiyejua njia akae upande wa mlango, viti vya mbele, ambapo kondakta anamsikia na yeye anaona vibao. Amtaarifu kondakta mara mbili: anapolipa nauli, na gari linapoondoka kituo kinachotangulia chake. Katika Usukuma salamu huja kabla ya haja. Mzee aliyeketi jirani akiamkiwa shikamoo kwanza, au mwangaluka kama ni asubuhi na msafiri anajua Kisukuma kidogo, hueleza njia yote pamoja na historia yake, ilhali akiulizwa ghafla hujibu kwa neno moja. Jirani wa kumwamini zaidi ni yule anayeshuka kituo kilekile au kinachofuata, na si aibu kuuliza kwa sauti ni nani anashuka Tinde.

Kwa kuwa vituo vingi havina vibao vyake, abiria hujifunza kusoma vibao vya wengine. Shule za msingi ndizo msaada mkubwa, kwa sababu karibu kila moja huwa na bango kando ya barabara lenye jina la shule, na jina la shule mara nyingi ni jina la kijiji. Zahanati, ofisi za serikali za vijiji, makanisa na misikiti hufanya kazi hiyohiyo. Matuta ya barabarani na vibao vya kupunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa hutangulia kila senta, na gari linapoanza kupunguza mwendo ndipo macho yatafute bango la shule. Simu yenye ramani inafaa, lakini ina udhaifu wake: jina la kijiji huwekwa mahali fulani katikati ya kata, wakati mwingine mbali na lami, na msafiri anayesubiri nukta yake iguse jina hilo anaweza kupitilizwa. Afadhali aitumie kukagua mfuatano: kama Didia imeshaonekana nyuma ya nukta, kinachofuata ni Tinde. Aliyepitilizwa asibabaike. Ashuke kituo kinachofuata chenye watu na maduka, si porini pale dereva alipokubali kusimama kwa hasira, kisha avuke barabara asubiri gari la kurudi.

Machimbo ya wachimbaji wadogo yako nje ya utaratibu huu wote. Dhahabu ikionekana mahali, hutokea rashi, yaani mkusanyiko wa ghafla wa wachimbaji, wauza chakula, wenye makarasha ya kusagia mawe na wafanyabiashara, na katika muda mfupi pori hupata vibanda, bodaboda na hatimaye Hiace za kwenda na kurudi. Kituo huzaliwa pale gari linapogeuzia. Jina lake huweza kuwa la kijiji pamoja na namba, kama Mwakitolyo Namba Tano katika Wilaya ya Shinyanga, au la mwenye shamba, au la mti; na dhahabu ikipungua, magari huhama pamoja na watu, jina likabaki bila gari. Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita zimedumu muda mrefu kiasi cha kuwa miji midogo yenye usafiri wa kila siku, lakini rashi mpya haina uhakika huo. Anayekwenda huko asitegemee maelezo ya mwaka jana. Aulize siku hiyohiyo, stendi ya mji wa karibu, gari la mwisho la kurudi huondoka saa ngapi, kwani katika machimbo gari la mwisho mara nyingi huwa la mapema kuliko mgeni anavyodhani, na bodaboda ya usiku kwenye njia yenye mashimo yaliyoachwa wazi si usafiri wa kumpendekezea mtu yeyote.

Reli ina utulivu ambao barabara haina. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na stesheni zake zimebaki palepale kwa karibu karne nzima, zikiwa na majina yaliyoandikwa kwenye mbao ambazo mtu anaweza kuzisoma dirishani. Jambo moja huwachanganya watu: kati ya Shinyanga na Mwanza, reli haifuati barabara. Hupinda mashariki na kupita Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela, kwa hiyo asiyeshukia stesheni hizo asidhani kwamba treni itamwacha Mwigumbi au Hungumalwa. Kusini mwa Shinyanga, reli na barabara hukutana Isaka, penye bandari kavu, yaani eneo la kupokelea na kuhamishia makontena yatokayo baharini kwenda nchi jirani. Treni haipiti kila siku, nayo huweza kufika usiku, hivyo abiria athibitishe siku na saa stesheni yenyewe. Reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, ambayo kipande chake cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341 kilizinduliwa ujenzi wake Juni 2021, itaongeza stesheni mpya, na ni vema wakazi waanze kuulizia mapema zitakuwa upande gani wa mji, kwa sababu stesheni ya reli hiyo si lazima iwe jirani na ile ya zamani.

Mkazi wa Kahama au Geita anayesafiri mbali zaidi atakuta kwamba alichojifunza barabarani kinafanya kazi. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina safari za haraka zisizosimama kila stesheni na za kawaida zinazosimama nyingi, na anayeshukia Kilosa au Ngerengere ahakikishe tiketi yake ni ya treni inayosimama huko, kama vile mtu wa Didia asivyopanda basi la Kigali. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, nayo huwa na ya haraka na ya kila kituo. Cairo, mji wa kwanza Afrika kuwa na treni ya chini ya ardhi tangu mwaka 1987, humtaka abiria ajue jina la kituo cha mwisho cha upande aendako, na ajue kituo cha kubadilishia; huko nako kuna Tinde zake. Mwanafunzi au mfanyabiashara anayetua katika mji wa namna hiyo kwa mara ya kwanza aandike kituo cha mwisho, kituo cha kubadilisha na kituo kinachotangulia chake, kisha atie karatasi mfukoni.

Kinachobaki ni kazi ya halmashauri na ya wasimamizi wa barabara. Kibao cha bati chenye jina la kituo, kilichowekwa pande zote mbili za lami pale magari yanaposimama kweli, si mradi mkubwa kwa wilaya inayopokea ushuru wa huduma kutoka migodini. Pale ambapo jina la nyaraka na jina la stendi hayafanani, majina yote mawili yaandikwe, Uyovu na Runzewe katika bati moja, na chini yake litajwe jina la kituo kinachofuata. Tinde, Usagara, Mwigumbi na Bwanga zianze, kwa kuwa ndiko watu hubadilisha magari, na Tinde iwekewe taa.